Bibi Husuda na Kanga ya Uani

Wahakiki wengi tumezoea kudai kuwa miungu ya Kigiriki na Kirumi katika sanaa ya Ulaya ya karne ya 15 na ya 16 ilikuwa mapambo ya wasomi tu. Mimi sikubali. Hebu, ndugu msomaji, tuitazame chapa moja: Vita vya Miungu ya Bahari, ya Andrea Mantegna wa Mantua, Italia, ya miaka ya 1470 hivi. Ni picha iliyochongwa kwenye bamba la madini, ikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, nakala baada ya nakala.

Viumbe wa baharini, nusu wanaume nusu samaki, wanatwangana kwa mifupa na vitita vya samaki, utadhani wamegombania mzigo pale Feri. Sanamu ya Neptune, mungu wa bahari, imewapa mgongo. Pembeni, juu ya dude la majini, amesimama bibi kizee aliyekonda, kashika kibao: INVID, yaani husuda kwa Kilatini.

Husuda ya nani? Mwaka 1475 mchongaji Simone Ardizzoni alimwandikia mtawala wa Mantua, Ludovico Gonzaga, akilalamika kuwa Mantegna kamtumia watu wenye silaha. Kisa, alikubali kumchongea chapa msanii mwingine, Zoan Andrea. Sidai kuwa picha ilizaliwa na ugomvi huo. Lakini ndiyo hali ya kazi ilivyokuwa: wivu wa mafundi na kuibiana michoro. Miungu ilikuwa kificho tu cha kuwasema majirani.

Kificho hicho nakijua tangu utoto wangu Kariakoo. Kanga za Mtaa wa Uhuru nazo ni chapa, zina pindo, mji na jina. Siku moja, baada ya maneno maneno ya wapangaji, shangazi alianika uani kanga yenye jina "Hasidi hana sababu". Wapangaji wanne waliisoma. Watatu walinuna.

Hapo ndipo sanaa hizi mbili zinapoachana. Mantegna kaipa husuda sura, na sura yenyewe ni ya bibi kizee, wakati wanaopigana ni wanaume watupu! Yeye hapigi mtu, hasemi kitu, ila kibao kashikishwa. Kibao hicho si kigeni kwetu. Vikongwe wangapi Usukumani wameuawa kwa tuhuma za uchawi, eti kwa sababu ya macho mekundu tu ya moshi wa kuni? Kanga ya shangazi haikuwa na sura ya mtu. Kila apitaye kamba hujipima mwenyewe, na anayesema ni mwanamke.

Jioni mmoja wa walionuna alimwuliza shangazi ile kanga kamlenga nani. Shangazi akaendelea kuchambua mchicha. "Mwenzangu, mimi nimenunua doti tu. Maneno kaandika mwenye kiwanda."