Mafuta, Hazina na Kremlin: Putin na Mwelekeo wa Urusi tangu 2003

Wachambuzi wengi wa siasa za Urusi huitaja hotuba ya Vladimir Putin mjini Munich, Februari 2007, kuwa ndiyo iliyofungua enzi mpya ya uhasama kati ya nchi yake na mataifa ya Magharibi. Siku hiyo aliishutumu Marekani waziwazi kwa kutaka kuutawala ulimwengu peke yake, akalalamikia pia NATO kujitanua kuelekea mashariki. Makala haya yana msimamo tofauti. Munich ilitangaza tu jambo lililokwisha kuamuliwa miaka minne kabla yake, tena katika uwanja wa uchumi: nani ashike mapato ya mafuta.

Hali aliyoirithi Putin ilikuwa mbaya. Agosti 1998 serikali ya Boris Yeltsin ilishindwa kulipa madeni yake, rubli ikaporomoka na akiba za wananchi zikayeyuka. Serikali inayoishi kwa mkopo haisikilizwi. Machi 1999 Waziri Mkuu Yevgeny Primakov alikuwa angani akielekea Washington, ambako suala la mikopo lilikuwa miongoni mwa ajenda zake. Alipoarifiwa kwamba NATO inakaribia kuishambulia Yugoslavia, aliamuru ndege igeuzwe juu ya Atlantiki. Ndege ikageuka, na mabomu yakaanguka vilevile.

Putin alilielewa somo hilo kuliko mwanasiasa yeyote wa Moscow. Mwaka 2001 kodi ya mapato ya watu binafsi iliwekwa katika kiwango kimoja cha asilimia 13. Januari 2004, chini ya Waziri wa Fedha Aleksei Kudrin, ulianza mfuko maalumu wa kuhifadhi ziada ya mapato ya mafuta. Deni la Shirika la Fedha la Kimataifa lilimalizwa mapema mwaka 2005, na Agosti 2006 Urusi iliilipa Klabu ya Paris, kundi la nchi wakopeshaji, zaidi ya dola bilioni 20 za madeni ya Muungano wa Kisovyeti kabla ya muda wake. Kufikia Agosti 2008, akiba ya fedha za kigeni ilikaribia dola bilioni 600.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya bei ya mafuta, si ya rais. Hoja hiyo ina uzito, kwani pipa lililouzwa kwa takriban dola 12 mwaka 1998 lilivuka dola 140 Julai 2008, na hakuna rais anayejipangia bei ya soko la dunia. Lakini Venezuela ya Hugo Chávez ilipata neema ileile, na bei ilipoanguka haikuwa na akiba ya kuistahimili. Bei huleta fedha. Matumizi yake huamuliwa na watu.

Uamuzi mkubwa ulihusu kampuni ya mafuta ya Yukos. Februari 2003, katika kikao cha Kremlin kilichorekodiwa na televisheni, mmiliki mkuu wa kampuni hiyo, Mikhail Khodorkovsky, alizungumzia rushwa serikalini mbele ya rais, akagusia namna kampuni ya umma ya Rosneft ilivyonunua kampuni nyingine ya mafuta. Putin alimjibu kwa kumkumbusha matatizo ya kodi ya Yukos yenyewe. Ushupavu huo haukuwa kosa pekee la tajiri huyo machoni pa Kremlin. Alikuwa akizungumza na makampuni ya Marekani kuhusu kuyauzia hisa, na akitaka kujenga bomba lake la mafuta hadi Daqing, China. Kwa maneno mengine, mfanyabiashara alikuwa akijitungia sera ya nje. Alikamatwa Oktoba mwaka huo. Desemba 2004 kiungo kikuu cha kampuni yake, Yuganskneftegaz, kilipigwa mnada na kununuliwa kwa zaidi ya dola bilioni 9 na kampuni isiyojulikana iliyosajiliwa Tver wiki mbili tu kabla. Siku chache baadaye kampuni hiyo ilikuwa mikononi mwa Rosneft.

Naona hapa ndipo sera ya uchumi na sera ya nje zilipokuwa kitu kimoja. Ushahidi ulionekana upesi. Tarehe 1 Januari 2006, katikati ya baridi kali, Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, iliikatia Ukraine gesi baada ya kudai bei ipande kutoka dola 50 hadi 230 kwa mita za ujazo 1,000. Belarusi, mshirika wa karibu wa Moscow, iliendelea kulipa chini ya dola 50. Soko halitofautishi wateja wawili majirani kwa kiasi hicho. Siasa ndiyo iliyopanga.

Kudrin aliondoka mwaka 2011 baada ya kupinga hadharani ongezeko la matumizi ya kijeshi. Kuondoka kwake kulikuwa msiba kwa Urusi, kwa sababu baada yake nidhamu ya hazina ilibaki, lakini lengo lake likageuka: akiba ikawa ya kuhimili vikwazo. Crimea ilitwaliwa Machi 2014. Februari 2022 Ukraine ilivamiwa, na takriban dola bilioni 300 za akiba hiyo zikazuiwa nje ya nchi. Benki Kuu ililazimika kupandisha riba hadi asilimia 20, na Oktoba 2024 ikaifikisha asilimia 21. Bajeti ya 2025 iliutengea ulinzi karibu theluthi moja ya matumizi yote ya serikali kuu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliuona uzito wa vita hivyo kwenye bei ya unga wa ngano. Kenya iliunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa la Machi 2022 lililolaani uvamizi. Tanzania, Uganda na Burundi hazikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana.

Silaha ya gesi nayo imemrudia mwenyewe. Wateja wa Ulaya walitafuta gesi kwingine, na bomba lililopita Ukraine likafungwa tarehe 1 Januari 2025. Gazprom ilimaliza mwaka 2023 kwa hasara ya rubli bilioni 629, hasara yake ya kwanza ya mwaka mzima tangu 1999, mwaka ambao Yeltsin alimkabidhi Putin madaraka.