Fidia ya ulemavu kwa askari wastaafu: Kungoja jibu kimya kwaweza kupoteza haki

Na Mwandishi Wetu, Songea

ASKARI mstaafu anayeishi Lusewa, ambaye dai lake la fidia ya ulemavu limekataliwa au amepewa kiwango asichokubaliana nacho, ana safari mbili mbele yake. Ya kwanza ni ya barabara: Namtumbo, Songea, kisha Dodoma au Dar es Salaam, ambako ni karibu kilomita 1,000 kutoka Songea. Ya pili ni ya muda, na hii ndiyo inayoweza kumnyang'anya haki bila mwenyewe kujua.

Kizazi kinachohusika zaidi ni cha Vita vya Kagera, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1978 na 1979. Kijana aliyekwenda vitani akiwa na umri wa miaka 20 sasa amevuka miaka 65. Jeraha la goti au la sikio ambalo enzi za ujana lilivumilika, uzeeni hugeuka kuwa ulemavu kamili, wakati huo daktari aliyelitibu amekwishafariki na cheti kimeliwa na mchwa.

Pensheni ya askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) hulipwa na Hazina, lakini uthibitisho kwamba ulemavu ulitokana na utumishi hutoka jeshini. Kwa hiyo dai moja huwa na milango miwili, na kila mlango hutaka karatasi ya mwenzake.

Wengi huamini kwamba maadamu barua imepokelewa, haki imehifadhiwa. Sivyo. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, huendelea kuhesabu hata kama mdai amekaa kibarazani anasubiri majibu. Dai linalotokana na madhara ya uzembe lina miaka mitatu, na linalotokana na mkataba lina miaka sita. Anayetaka Mahakama Kuu ipitie upya uamuzi wa ofisi ya umma anatakiwa, kwa kanuni za mwaka 2014, kuomba kwanza kibali ndani ya miezi sita tangu siku ya uamuzi. Aidha, anayetaka kuishtaki Serikali hana budi kutoa notisi ya siku 90, na nakala yake ifike kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwanya upo, ingawa ni mwembamba: waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda wa kufungua shauri kwa kiasi kisichozidi nusu ya ule uliowekwa.

Kutokana na hayo, jibu la mdomo la dirishani, "njoo mwezi ujao", ni hatari kuliko barua ya kukataliwa. Barua ina tarehe na sababu, na mtu anaweza kuikatia rufaa. Ahadi ya dirishani haina hata kimoja.

Historia ya ukanda huu ina mifano ya wazi. Mwishoni mwa mwaka 1918 kikosi cha Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kilivuka Mto Ruvuma kikitoka Msumbiji na kupita katika nchi ya Ungoni, kikiwa na askari Waafrika ambao Ujerumani iliendelea kuwa na deni nao. Ni mwaka 1964 tu ambapo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliobaki hai, na dirisha la malipo likafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wengi hawakuwa na cheti, hivyo wakapewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride. Ni simulizi ya kuchekesha, ila walioichekea walikuwa wachache waliofikisha uzee huo.

Nchini Kenya, wapiganaji na wafuasi wa Mau Mau waliofungua kesi London mwaka 2009 kwa mateso ya miaka ya 1950 walikabiliwa na hoja hiyo hiyo ya muda. Oktoba 2012 mahakama iliwaruhusu waendelee, na Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kundi jingine la zaidi ya watu 40,000 lilishindwa mwaka 2018, na muda uliopita ukawa ndio kikwazo kikubwa.

Hata Marekani, yenye wizara nzima ya wastaafu wa jeshi, rufaa zilizofika kwenye bodi zilikuwa zikichukua wastani wa miaka saba kabla ya sheria mpya iliyoanza kutumika Februari 2019. Tofauti ni kwamba huko anayekata rufaa ndani ya mwaka mmoja hulinda tarehe ya dai lake la kwanza, na akishinda hulipwa tangu siku hiyo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kipengele hicho kina thamani kuliko ahadi yoyote ya kuharakisha majalada.

Kwa aliye Lusewa, la kufanya kwanza ni kuomba uamuzi kwa maandishi na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Malalamiko ya kucheleweshwa hupokelewa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mahakama Kuu ina kanda yake hapa Songea.

Mdai akifariki kabla ya jibu, mjane au watoto hawawezi kuendeleza dai kwa jina lake tu. Ni lazima mahakama imteue msimamizi wa mirathi kwanza, na siku zinazotumika kumpata nazo huhesabiwa kando ya zile ambazo marehemu alikwishazisubiri.