KIINUA MGONGO, KODI YA (kwa wafanyakazi walio ugenini)

Kiinua mgongo ni malipo ya mkupuo ambayo mwajiri humpa mtumishi wake ajira inapokoma, ama kwa kuwa mkataba umefikia ukomo, ama kwa kupunguzwa kazini, ama kwa kujiuzulu. Na kwa mtu aliyeitafuta riziki katika nchi isiyo yake, malipo hayo aghalabu ndiyo akiba kubwa kuliko zote anazorejea nazo kwao. Madhali fedha hizo huchumwa katika dola moja na pengine hupokewa katika dola nyingine, huzuka suala la nani mwenye haki ya kuzitoza kodi, na kwa kiasi gani.

Kanuni

Haki hiyo husimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni chimbuko la pato, yaani nchi ambamo kazi ilifanyika hudai sehemu yake hata kama mlipwaji ameshaondoka. Ya pili ni ukaazi, yaani nchi ambayo mtu anahesabiwa mkazi wake huweza kumtoza kwa mapato yake yote, popote yalikotoka. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), katika ufafanuzi wa mkataba wake wa mfano uliorekebishwa mwaka 2014, lilieleza kwamba malipo ya kuachishwa kazi, pasipo hoja ya kuonyesha vinginevyo, yachukuliwe kuwa ujira wa miezi 12 ya mwisho ya utumishi, yagawanywe baina ya nchi kwa kadiri ya muda wa kazi katika kila moja.

Ghuba

Katika nchi za Ghuba mshahara hautozwi kodi ya mapato, wala kiinua mgongo, na kwa hiyo mzozo wa huko si wa kodi bali ni wa hesabu. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, Na. 33 ya mwaka 2021, humpa mgeni aliyetimiza mwaka mmoja ujira wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, mradi jumla isizidi ujira wa miaka 2. Na humlazimu mwajiri kulipa ndani ya siku 14 tangu mkataba kumalizika. Kipimo ni mshahara wa msingi peke yake, bila posho ya nyumba wala ya usafiri, na hapo ndipo mwenye msingi mdogo na posho nono hujikuta amepunjika pasipo sheria kuvunjwa. Oman imekwisha kutunga sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi, itakayoanza tarehe 1 Januari 2028, kwa asilimia 5 ya pato linalozidi riali 42,000 kwa mwaka, kima ambacho mtumishi wa kawaida hakifikii.

Uingereza

Huko pauni 30,000 za kwanza za fidia ya kuachishwa kazi husamehewa kodi, lakini malipo ya badala ya notisi na ya likizo iliyosalia hutozwa yote kama mshahara. Nafuu ya zamani kwa miaka iliyotumikiwa nje ya nchi iliondolewa kwa wakazi kuanzia tarehe 6 Aprili 2018, mabaharia wakibakishiwa yao.

Japani

Mkazi wa Japani hupunguziwa yeni 400,000 kwa kila mwaka wa utumishi hadi miaka 20, na yeni 700,000 kwa kila mwaka unaozidi hapo, kisha kwa kawaida nusu tu ya salio ndiyo hutozwa. Ilhali asiye mkazi hukatwa asilimia 20.42 ya fungu lote lililochumwa alipokuwa mkazi. Tuchukue mtumishi wa miaka 10, yote akiwa mkazi, ambaye amekwisha kuhama malipo ya yeni milioni 6 yanapomstahiki: hukatwa yeni 1,225,200. Lau angetozwa kama mkazi, salio la yeni milioni 2 lingegawanywa nusu, na kodi ya taifa ingekuwa yeni 51,050 tu. Kifungu cha 171 cha sheria ya kodi ya mapato humruhusu kuchagua hesabu hii ya pili na kurudishiwa tofauti, kwa sharti amteue wakala wa kodi aliyeko Japani na kuwasilisha madai ndani ya miaka 5. Haki hiyo haijileti yenyewe, na asiyeijua huipoteza.

Kurejea nyumbani

Kwa mujibu wa sheria za Kenya na za Tanzania, mwenye makao ya kudumu nchini aliyefika humo hata kwa siku chache katika mwaka huweza kuhesabiwa mkazi, na hali kadhalika aliyekaa siku 183. Kwa hiyo tarehe ya kurudi na tarehe ya kulipwa zina uzito. Mikataba ya kuepusha kodi mara mbili, kama ile ya Kenya na Uingereza au ya Tanzania na India, huwezesha kodi iliyolipwa upande mmoja kupunguzwa upande wa pili, lakini kwa mwenye ushahidi tu. Kwa sababu hiyo ni wajibu wa kila mhamiaji, kabla hajapanda ndege, kudai mkononi mwake mkataba, stakabadhi za mshahara, hati ya kodi iliyokatwa, na barua yenye tarehe halisi ya mwisho wa kazi. Kwani mwajiri aliye mbali ni mgumu kuandikiwa, na mamlaka ya kodi huamua kwa maandishi wala si kwa maelezo ya mdomo.