Viongozi 75,000 na Redio Moja

Mwaka 1973, vijijini Tanzania, watu wapatao milioni mbili walikutana kila wiki, kwa wiki kumi na mbili, kusikiliza redio. Hawakusikiliza kila mtu kivyake. Walikaa kikundi, redio katikati, kitabu mkononi mwa yule anayejua kusoma, na pembeni kiongozi ambaye kazi yake haikuwa kuhutubia. Kipindi kikiisha, kitabu kilisomwa kwa sauti, watu wakajadili, kisha wakaamua watafanya nini kabla ya wiki ijayo. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya.

Ninayemtafuta hapa ni huyo kiongozi. Siku hizi tukizungumzia kuwaandaa wafanyakazi wa vijana, yaani walezi wa vilabu, wahamasishaji wa mitaani, makocha wa timu za kata, ili wawafundishe vijana kuhoji wanachokiona kwenye simu, tunaongea kana kwamba kazi hii ilizaliwa juzi pamoja na WhatsApp. Hapa kwetu mtu wa kati, anayesimama baina ya chombo cha habari na msikilizaji, aliwahi kuandaliwa kwa maelfu.

Wakati wa Mtu ni Afya waliandaliwa takriban 75,000. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam isingeweza kuwafikia wote hao moja kwa moja, kwa hiyo mafunzo yalishuka kwa ngazi: wachache wa taifa wakawafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha viongozi wa vikundi. Semina ilikuwa ya siku chache tu. Kiongozi hakutakiwa kuwa daktari. Alitakiwa kujua kuuliza swali na kunyamaza, kumpa nafasi aliyekaa kimya, na kukifikisha kikundi kwenye uamuzi. Mbinu yenyewe ilikuwa na ukoo mrefu. Wakulima wa Kanada walikuwa na vikundi vyao vya redio tangu 1941, na Tanzania yenyewe ilikwisha kujaribu katika Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na Wakati wa Furaha mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru.

Matunda yalionekana kwa macho. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Mimi sina ugomvi na choo. Kuhara hakuna maoni mawili, na serikali iliyotumia redio kuokoa watoto ilifanya jambo jema.

Ila ukiirudia ile ya 1970, mambo hubadilika kidogo. Uchaguzi ule ulikuwa wa chama kimoja, na kwenye karatasi ya rais palikuwa na jina la Nyerere peke yake: ndiyo au hapana. Redio ilikuwa ya serikali, kitabu kilitoka serikalini, na kiongozi wa kikundi alifundishwa na watu wa serikali hiyo hiyo. Majadiliano yalikuwepo, tena ya kweli, lakini yalianzia pale redio ilipoishia. Swali la nani ameandika kipindi, na nini kimeachwa nje, halikuwa na mahali pa kukaa. Watu walilipatia mahali pao wenyewe, jioni, kwenye masafa mafupi: BBC ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1957, Deutsche Welle tangu 1963, na msikilizaji aliyezungusha kitufe alijua habari moja inaweza kuvaa nguo tatu. Hiyo nayo ni elimu, ingawa hakuna aliyeiandalia semina.

Kwingineko walianza upande wa pili. New York, mwaka 1937, iliundwa taasisi ya kuchambua propaganda, kwa fedha za mfanyabiashara Edward Filene na kwa juhudi za Clyde Miller wa chuo cha ualimu cha Columbia. Hitler alikuwa amekamata redio ya Ujerumani, na Marekani kwenyewe padri Coughlin alikuwa akiwahubiria mamilioni hewani, chuki dhidi ya Wayahudi ikizidi kujitokeza. Taasisi iliwapa walimu na viongozi wa vikundi orodha ya hila saba, kama kumpachika mtu jina baya, kuazima heshima ya kitu kinachopendwa, kujifanya mtu wa kawaida, au kudai kwamba kila mtu yumo isipokuwa wewe. Vijana walichukua hotuba na kuzisaka hila hizo mstari kwa mstari. Wakosoaji walilalamika kwamba kijana aliyefundishwa hivyo huishia kutoamini chochote, na nadhani walikuwa na hoja: anayejua kubomoa tu si lazima ajue kuchagua. Lakini kilichoimaliza taasisi ni vita. Nchi ilipojiandaa kupigana, kuchambua propaganda kulimaanisha kuchambua pia ya serikali yako, na mapema 1942 milango ilifungwa.

New York walikuwa na swali bila kikundi cha kudumu nalo. Tanzania ilikuwa na vikundi bila ruhusa ya swali.

Gharama ya kukosa vyote viwili ilionekana jirani yetu. RTLM ilianza kutangaza Rwanda Julai 1993, kwa muziki mzuri na mizaha ya vijana, na mwaka uliofuata ilikuwa ikitaja watu wa kuuawa. Hesabu yake ilifanyika Arusha: Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Mahakama ilishughulika na waliosema. Waliosikiliza walibaki vijijini kwao.

UNESCO ilikuwa imekwisha kuligusa jambo hili Januari 1982, huko Grünwald, Ujerumani Magharibi, ambako wajumbe wa nchi 19 walitaka mafunzo kwa walimu na pia kwa watu wa kati. Hata hivyo mtaala wake wa 2011 uliandikwa kwa ajili ya walimu. Toleo la 2021 ndilo lililofungua mlango kwa waelimishaji wa kila aina, na mlezi wa klabu ya vijana akaingia humo.

Semina anazopewa mlezi huyo, zile ninazozijua mimi, ni za siku mbili, na cheti hutolewa saa kumi jioni ya siku ya pili. Hufundishwa kutafuta picha ilikotoka na kukagua tarehe ya habari. Ni vizuri. Kisha hurudi mtaani peke yake, bila kitabu, bila kipindi cha wiki ijayo, na vijana wake wanamuuliza kama na tangazo la mfadhili aliyelipia semina nalo linachambuliwa.