KUTOKA SPIKA ILIYOCHANWA NA WEMBE MPAKA MODELA YA KIDIJITALI: KWA NINI GITAA BADO LINATAKA PAWA AMPLIFAYA

Stori hii wapiga gitaa wengi wanaijua. Jamaa anajichanga miezi kibao, ananunua modela ya kidijitali, kile kiboksi chenye sauti za amplifaya kibao ndani yake. Chumbani na hedifoni mambo ni moto. Siku ya shoo anakichomeka kwenye boksi la spika, dramu zinaanza, gitaa halisikiki kabisa! Kiboksi si kibovu. Kinatengeneza sauti, lakini hakina nguvu ya kusukuma spika. Na ishu hii haijaanza leo.

Turudi London mwaka 1964. Kijana wa miaka 17, mpiga gitaa wa The Kinks, alikuwa na kiamplifaya cha bei chee kinaitwa Elpico. Sauti yake ilikuwa safi mno, haimpi mzuka. Akachukua wembe, akachana karatasi ya spika. Gitaa likaanza kukoroma balaa! Ila kiamplifaya chenyewe kilikuwa kidogo, kwa hiyo akakiunganisha kwenye Vox AC30. Kile kidogo kinatoa ladha, hiki kikubwa kinasukuma. Sauti hiyo ndiyo iliyosikika kwenye You Really Got Me, ngoma iliyoshika namba moja Uingereza mwaka huohuo.

Wakati huo ukubwa wa sauti ulishakuwa mashindano. Duka moja la muziki pale Hanwell, London, lilianza kutengeneza Marshall mwaka 1962, kwa kuiga saketi ya Fender Bassman ya Marekani. Mwaka 1965 mpiga gitaa wa The Who akaona haitoshi, akataka mzigo wa wati 100 na boksi moja la spika 8. Lilikuwa zito, wabeba vyombo wakalalamika, likagawanywa mawili ya spika 4 kila moja. Ndiyo ule mnara wa Marshall unaouona mpaka leo.

Sasa shika hapa. Enzi hizo ladha na nguvu vilikaa pamoja. Valvu zikisukumwa mpaka mwisho, pamoja na transfoma na spika, ndizo zilizofanya gitaa lilie vile. Ukitaka utamu, lazima uwasumbue majirani.

Ndipo watu wakaanza kutenganisha. Mwaka 1982 mpiga gitaa wa bendi ya Boston, ambaye pia ni injinia, alileta Rockman, kiboksi cha kusikiliza kwa hedifoni. Mwaka 1996 Line 6 wakatoa AxSys 212, amplifaya iliyoiga nyingine kwa kompyuta, na 1998 wakaja na POD, kile chekundu chenye umbo la haragwe. Mwaka 2011 akaingia Kemper, anayenakili sauti ya amplifaya halisi. Cha kuchekesha, Kemper huyohuyo ana toleo lenye pawa amplifaya ya wati 600 ndani yake. Ladha ilihamia kwenye kiboksi, kazi ya kusukuma hewa ikabaki palepale.

Kwa hiyo anayechagua leo ana njia tatu. Ya kwanza ni spika ya masafa yote yenye nguvu yake. Hapo kila kitu kwenye modela kinabaki kimewashwa. Ya pili ni pawa amplifaya ya transista au ya daraja D, nyepesi, inabebeka mkononi, ikienda kwenye boksi la spika za gitaa. Hapo ile sehemu ya modela inayoiga boksi na maiki inazimwa, la sivyo sauti inapita kwenye maboksi mawili na kuwa nzito kama imefunikwa blanketi. Ya tatu ni pawa ya valvu. Hii inaongeza ladha yake yenyewe, kwa hiyo wengi wanazima pia sehemu inayoiga pawa. Ukiacha zote, ni kutia chumvi mara mbili.

Wati nazo zina mtego. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika kama mara kumi. Halafu valvu ikizidiwa inakoroma vizuri, transista ikizidiwa inakwaruza masikio. Ndiyo maana wengi wanaona wati 50 za valvu zinatosha, ila kwa transista wanatafuta 200. Kwa mpiga solo wa seben anayetaka kila noti isikike safi, akiba hiyo si anasa.

Angalia na omu. Pawa ya daraja D inayotoa wati 200 kwenye omu 4 itatoa kama 100 tu kwenye omu 8. Usishuke chini ya omu zilizoandikwa nyuma ya mashine, na pawa ya valvu usiiwashe bila spika, utaua transfoma.

Kifupi, yule kijana wa wembe alishamaliza kila kitu miaka zaidi ya 60 iliyopita: kimoja kipike, kingine kisukume. Anayemaliza hela yote kwenye kiboksi amenunua mpishi akasahau jiko.

Je mdau, wewe ni timu valvu au timu daraja D? Dondosha maoni yako hapo chini!