Linux Katika Vikompyuta Vilivyotupwa



Sisi tuliopoteza vyeti njiani twajua uchungu wa karatasi. Mgonjwa wa dawa za UKIMWI akipoteza daftari lake, historia ya matibabu yake hupotea nalo. Ndiyo maana sisi waalimu tumeona vema kuandika habari hii ya Lilongwe.

Mwaka 1999 kampuni ya Netpliance ya Marekani ilitoa kikompyuta kiitwacho i-Opener, chenye kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, bila diski ngumu. Biashara ile ikafa upesi, mashine zikabaki. Shirika la Baobab Health, lililoanzishwa hapa Malawi na Gerry Douglas, lilizichukua, likazifunga vioo vya kugusa kwa kidole, na kuzitia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki.

Megabaiti 32 zatosha nini? Linux humruhusu fundi kuondoa michezo, mapambo na kila kisichohitajika, ikabaki kazi moja. Taarifa zote zilikaa katika kompyuta kubwa moja. Vile vidogo vilizionyesha tu. Tena vilikula umeme kidogo, hata betri ziliweza kuviendesha umeme ukikatika (nao hukatika!).

Muuguzi asiyezoea kompyuta aligusa jibu, likaja swali lingine. Mgonjwa alibandikiwa katika daftari la afya kikaratasi chenye mistari ya kusomwa na mashine, na safari iliyofuata kikaratasi hicho kilifungua habari zake zote.