Meke

Neno ngoma kwetu hubeba maana mbili, chombo kipigwacho na mchezo wenyewe. Na katika visiwa vya Fiji liko neno meke, ambalo, litajwapo, hukusanya wimbo na mchezo pamoja, hata msikilizaji asiweze kuvitenga. Mtungaji wake, daunivucu, ni mtu wa heshima, kwani ndiye alinganishaye maneno na harakati za viungo. Katika vakamalolo, aina mojawapo ya meke, wachezaji huketi safu juu ya mkeka, wakiinama na kupiga makofi, ilhali waimbaji hugongesha chini mapande ya mianzi yaitwayo derua, yenye mvumo mzito. Kulifasiri neno meke kuwa “ngoma” tu, kwa rai yangu, ni kulidhulumu. Afadhali tuliazime kama lilivyo.